Nyimbo za zamani zinazama, amapiano inafoka: nisawazisheje sauti ya miksi niliyokwisha kurekodi?

Swali: "Yaya, jambo. Niko DJ huku Katuba, Lubumbashi, napiga kwenye feti na harusi. Nimerekodi miksi ya dakika 70, nachanganya za zamani na za sasa: gitaa la Katanga la wazee wetu, inakuja amapiano, narudi kwenye rumba, naingia ndombolo, namalizia na nyimbo za Zambia. Kwenye hedifoni niliona iko sawa. Nikampa fleshi dereva wa teksi-basi wa njia ya Kenya, ile komini ya huku Lubumbashi. Akaniambia nyimbo za zamani hazisikiki kabisa, na akipandisha sauti, amapiano inakuja kumrukia usoni. Rafiki akanishauri niweke limita, ile mashine inayozuia sauti isivuke kiwango, juu ya miksi nzima. Nimeweka. Sasa kila kitu kiko juu, lakini muziki unapanda na kushuka kama mtu anahema. Nirudie yote, au kuna namna ya kuitengeneza?"

Jibu: Mdogo wangu, usirudie yote. Fleshi uliyoniachia ina faili mbili, rekodi mbichi na ile uliyoitia limita. Nimezisikiliza zote mbili tangu mwanzo hadi mwisho. Uchaguzi wako wa nyimbo ni mzuri, na kuna viungo viwili vitatu humo, pale wimbo unapoupokea mwingine, ambavyo hata mimi ningependa viwe vyangu. Faili ya limita iweke kando, haitengenezeki tena. Kazi yote tutaifanya kwenye ile mbichi, na ukiacha dakika moja na nusu hivi, ambayo nitakuambia habari zake mwishoni, yote inaokoleka.

Kosa lako ni moja tu: limita umeiita mapema mno. Umeikabidhi kazi ya mkono. Kusawazisha wimbo na wimbo ni kazi ya masikio yako na mkono wako, kiungo kwa kiungo. Limita inaingia mwisho kabisa, na ikiingia inapaswa kukuta karibu hakuna kilichobaki cha kufanya.

Kwanza tuelewane kwa nini nyimbo hizi hazilingani. Chukua magitaa yako ya zamani. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki, alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji ambao leo tunauita Likasi: gitaa moja, sauti ya mtu mmoja, mashine ya kurekodia, basi. Kidole kikigonga waya kwa nguvu, sauti inaruka. Kikigusa taratibu, inashuka. Hakuna aliyeibana. Sasa chukua amapiano uliyoweka baada yake. Hiyo imetengenezwa kwenye kompyuta, imebanwa ngoma peke yake, besi peke yake, sauti ya mwimbaji peke yake, kisha ikabanwa tena yote pamoja mpaka haina tena bonde wala kilima. Tangu enzi ya CD watengenezaji wamekuwa wakishindana nani atasikika juu zaidi ya mwenzake, na faili zako za sasa ni watoto wa mashindano hayo.

Ukitazama vilele peke yake, yaani ncha za juu kabisa za wimbi la sauti, hutaona tofauti hiyo. Fikiria mti mmoja mrefu umesimama katikati ya nyasi, halafu fikiria msitu mzima wa miti ya kimo hichohicho. Ukipima kilele, viko sawa. Ukisimama chini yake, si sawa hata kidogo. Gitaa la zamani ni ule mti mmoja. Amapiano ni msitu. Ndiyo sababu kile kitufe cha kusawazisha vilele ulichobonyeza mwanzoni hakikukusaidia.

Kipimo kinachotufaa ni kile kinachoitwa LUFS. Kilitoka kwenye kanuni ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano iitwayo BS.1770, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 2006, kwa ajili ya redio na televisheni zilizokuwa na shida kama yako: filamu inanong'ona, tangazo linapiga kelele. Hakisomi kilele. Kinapima nguvu ya sauti kwa muda, kikizingatia namna sikio linavyosikia. Hatua moja ya LUFS ni sawa na desibeli moja, na namba zote ziko chini ya sifuri, kwa hiyo -9 iko juu kuliko -19. Programu ya kukisoma, Youlean Loudness Meter, ina toleo la bure, inaingia vizuri kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti ambayo nayo ni ya bure. Hivyo viwili vinakutosha.

Nimepima kiungo chako cha dakika ya 23, ndicho kilichomrukia dereva usoni. Gitaa linaimba kwenye -19. Amapiano inaingia kwenye -9. Desibeli 10! Kwa sikio la mtu, desibeli 10 ni takriban sauti mara mbili. Hakuna dereva atakayekusamehe.

Hivi ndivyo nilivyokifanyia kiungo hicho, ili uone mkono unavyokwenda. Nilifungua rekodi mbichi kwenye Audacity na kuchukua kifaa cha enveloo, ule mstari unaopita juu ya wimbi ambao unaweka nukta na kuuvuta juu au chini. Sikugusa kiungo chenyewe kwanza. Nilirudi nyuma sekunde 50, pale ambapo gitaa bado liko peke yake, nikaweka nukta, kisha nikaupandisha mstari polepole hadi gitaa likapata desibeli 3 zaidi kufika mwanzo wa kiungo. Kupanda kwa desibeli 3 ndani ya sekunde 50 hakuna msikilizaji anayekugundua. Kisha nikaenda kwenye amapiano nikaishusha desibeli 5, kuanzia pigo la kwanza inapoingia hadi mwisho wake. Gitaa sasa liko -16, amapiano -14. Tofauti ya desibeli 2 nimeiacha kwa makusudi, maana hapo ndipo ulipotaka watu wainuke. Ila sasa wanaitwa, hawasukumwi.

Angalia mgawanyo: cha zamani nimekipandisha 3, cha sasa nimekishusha 5. Siku zote mshushe kijana kuliko kumpandisha mzee. Rekodi ya zamani ina mvumo wake, kuna mkwaruzo wa sahani au upepo wa kaseti, na kila desibeli unayoliongezea gitaa unauongezea na mvumo huo. Ukilipandisha 10 ili lifikie amapiano, utasikia mvua inanyesha nyuma ya gitaa. Wengi wanaogopa kushusha, wanaona kama wanaipunguza nguvu miksi yao. Hakuna kinachopotea. Miksi nzima utakuja kuipandisha mwishoni, yote kwa pamoja.

Fanya hivyo kwa viungo vyako vyote 19. Itakuchukua siku mbili, labda jioni tatu. Hakuna njia ya mkato hapa, na mimi naamini hapa ndipo DJ mwenye adabu ya kazi anapojulikana.

Jambo moja kwenye kupima, na hili nalitia mkazo kwa sababu wewe unapiga rumba. Usipime wimbo mzima ukaupa namba moja. Rumba yetu ina nyumba mbili ndani yake: kwanza uimbaji, taratibu, nafasi kubwa kati ya sauti, kisha sebene, magitaa yanakamata, ngoma zinabadilika, atalaku, yule mchangamshaji wa kupaza sauti, anaingia. Programu za DJ zenye gaini ya kujiendesha, yaani zinazopanga zenyewe kiwango cha sauti, zinaupa wimbo wote namba moja iliyo kati ya nyumba hizo mbili, na namba hiyo haiko sawasawa na yoyote kati yake. Wewe kwenye dakika ya 34 umekata moja kwa moja ukaingia kwenye sebene bila kupitia uimbaji. Programu ilidhani wimbo ni mpole. Ndiyo maana sebene hiyo imetoka juu kuliko ulivyotarajia.

Kwa hiyo linganisha uimbaji na uimbaji, sebene na sebene. Chagua sekunde 20 za sebene ya wimbo huu na sekunde 20 za sebene ya ule, tazama usomaji wa muda mfupi (kipimo kinakusanya sekunde 3 kwa wakati), uzilete karibu. Kisha, na hapa nakuomba sana, usiguse tofauti iliyo ndani ya wimbo wenyewe. Sebene ikiwa juu ya uimbaji kwa desibeli 2, 3, hata 4, iache. Mpiga gitaa aliusubiri mlango huo dakika nzima na wewe unataka kuuziba? Limita yako ndiyo iliyouziba. Nilisikiliza rumba yako ya dakika ya 29 kwenye faili ile ya pili: uimbaji umepandishwa mpaka umelingana na sebene, na sebene ilipoingia hakuna kilichotokea. Magitaa ni yaleyale, lakini hayana tena mahali pa kuinukia. Iliniuma, nakuambia ukweli.

Kwa miksi inayochezwa ndani ya gari kuna mpaka wa uhuru huo. Mlio wa injini, upepo wa dirisha na konda anayeita abiria vyote vinafunika sauti ndogo. Kwenye hedifoni, chumbani, ulisikia kila kitu. Kwenye barabara ya Kenya sauti zilizo chini zimezama. Mimi huweka hivi: nyumba zinazofanana za wimbo na wimbo zisitofautiane zaidi ya desibeli 3, na ndani ya wimbo mmoja naacha bonde lake lilivyo, isipokuwa mwanzo wa wimbo wenye gitaa pekee lililo chini sana. Huo naupandisha desibeli 2 au 3 kwa mstari uleule wa enveloo, kisha naurudisha mwimbaji anapoingia.

Tukija kwenye besi, kipimo hiki kina udhaifu wake. Kinaipunguzia uzito besi ya chini kabisa, na ile ngoma ya besi ya amapiano inakaa hukohuko chini. Utaona kipimo kinasema rumba na amapiano ziko sawa, kisha uweke kwenye bafle kubwa za feti na kukuta amapiano inatikisa kuta. Ukiweka kwenye simu, amapiano ileile inakuwa ndogo, kwa sababu spika ya simu haiwezi kuitoa besi hiyo. Hapo namba haikusaidii, sikio linaamua. Mimi naiacha amapiano desibeli moja chini ya kile kipimo kinachosema kwa miksi za feti, na sawasawa na kipimo kwa miksi za simu. Yako ni ya gari, na redio za teksi-basi nyingi zina besi iliyopandishwa na dereva mwenyewe, kwa hiyo ishushe moja.

Besi hiyohiyo ndiyo inayotengeneza nundu kwenye viungo vyako. Tazama wimbi la miksi yako kwa mbali: kila mahali nyimbo mbili zinapopishana, wimbi linanenepa. Nyimbo mbili zenye nguvu sawa zikicheza pamoja, jumla inapanda desibeli 3 hivi. Ngoma zake zikigonga pamoja hasa, pigo kwa pigo, zinaweza kuongeza hadi 6. Msikilizaji anasikia sauti ikivimba, kisha ikishuka wimbo wa kwanza unapotoka, na anadhani wimbo wa pili ni dhaifu. Dawa yake ni kwenye miksa wakati wa kupiga: funga besi ya mmoja kabla ya kufungua ya mwingine, zisikae zote mbili wazi zaidi ya mapigo machache. Kwa hii uliyokwisha rekodi, weka bonde dogo la desibeli 2 kwenye enveloo katikati ya kila kiungo kilichonenepa, liingie na kutoka taratibu. Siyo tiba kamili, lakini inatosha kwa viungo vyako isipokuwa kimoja.

Kwenye nyimbo za zamani kata pia kila kilicho chini ya hezi 40. Humo hamna muziki, kuna mngurumo wa sahani tu, na mngurumo huo unakula nafasi na baadaye utaisumbua kompresa, mashine ya kubana sauti, bila sababu.

Kuhusu sauti yako mwenyewe. Umetupa mabanga mengi, zile salamu za kutaja watu, umemtaja dereva, umemtaja mama wa duka, vizuri, ni haki yao. Lakini maikrofoni imerekodiwa pamoja na muziki, haitengani tena. Mara nne unapozungumza muziki unakumeza. Unachoweza kufanya sasa ni kidogo. Safari nyingine rekodi maikrofoni kwenye njia yake, ibane peke yake, na ushushe muziki desibeli 4 hadi 6 kila unapofungua mdomo, urudi juu ukimaliza. Redio nyingi hufanya hivyo.

Sasa ndipo tufike kwenye mashine, na kwenye huko kuhema.

Kompresa na limita ni ndugu. Zote mbili zinasikiliza, sauti ikivuka kizingiti zinaishusha, ikirudi chini zinaiachia. Kompresa inashusha kwa uwiano, limita ni ukuta. Yako ulikuwa umeisukuma mpaka inabana desibeli 8 kwenye amapiano. Fikiria kinachotokea: besi inagonga, mashine inaivuta miksi nzima chini kwa desibeli 8, pamoja na mwimbaji na vinanda na makofi ambayo hayana kosa lolote. Besi inapita, mashine inaachia, wote wanarudi juu. Amapiano inakwenda takriban mapigo 112 kwa dakika, yaani pigo kila milisekunde 535 hivi. Karibu mara mbili kila sekunde, kila kilichomo kinashuka na kupanda. Ndiyo hiyo pumzi uliyoisikia. Mashine haikuharibika, imefanya ulichoiagiza.

Ukishasawazisha kwa mkono, kompresa inabaki na kazi ndogo ya kuzifanya nyimbo 20 zikae kama zimetoka chumba kimoja. Weka uwiano wa 1.5 kwa 1. Muda wa kushika milisekunde 30, ili ngoma itangulize ncha yake kabla haijakamatwa; ukiweka 1 au 2, ngoma zote zinakuwa butu. Muda wa kuachia milisekunde 250. Kizingiti kishushe polepole huku unacheza sebene yenye nguvu kuliko zote kwenye miksi, na usimame mshale ukionyesha unabana desibeli 1, kwa nadra 2. Kwenye uimbaji mshale usitikisike kabisa. Kompresa nyingi zina pia kichujio kinachoifanya isiisikie besi inapoamua. Kiweke kwenye hezi 100, na besi ya amapiano haitamvuta tena mwimbaji chini. Kama kompresa yako haina hicho kichujio na unasikia pumzi hata kidogo, iondoe. Miksi isiyo na kompresa kabisa, iliyosawazishwa kwa mkono, ni nzuri kuliko miksi inayohema. Mimi kwa rumba mara nyingi siitumii.

Limita ya mwisho: dari, yaani kiwango ambacho sauti haitakivuka, iwe -1, ipime vilele halisi kama ina chaguo hilo. Hesabu ni rahisi. Miksi yako ikishasawazishwa itakaa karibu na -16 LUFS na vilele vyake -3. Ukiipandisha yote desibeli 4, inakuwa -12, na vilele vinataka kufika +1. Limita inavikata 2 ili visivuke -1. Desibeli 2 kwenye vilele vichache, hakuna atakayesikia. Ukiona inakata zaidi ya 3, mahali fulani kuna kiungo hukukimaliza. Rudi ukakitafute, usiendelee kusukuma.

Najua utaniuliza mbona -12 na siyo -8 kama nyimbo zenyewe za amapiano. Kwa sababu miksi yako ina gitaa la 1952 ndani yake, na kulifikisha -8 ni kulivunja. Na kama unafikiria kuiweka YouTube, wao wenyewe wanazishusha faili zilizo juu hadi karibu na -14. Utakuwa umeuponda muziki bure, kisha unachezwa kwa sauti ileile na wa jirani aliyeuacha upumue. Dereva wako ana kitufe cha sauti. Akihitaji zaidi, atakizungusha. Alilolalamikia ni kukizungusha kila wimbo.

Kabla ya kutoa faili, isikilize kwa sauti ndogo kabisa, ile ambayo mtu akizungumza chumbani anaifunika. Hapo wimbo ulio chini unazama mara moja na ulio juu unajitokeza peke yake. Kwa sauti kubwa vyote vinakudanganya kwamba viko sawa. Ila kumbuka besi itaonekana imepungua. Fletcher na Munson walionyesha tangu mwaka 1933 kwamba sikio linapoteza besi sauti ikiwa ndogo, kwa hiyo kwa usikilizaji huo hukumu waimbaji na magitaa, besi iache. Na usifanye kazi hii usiku wa kutoka kwenye feti. Wataalamu wa afya ya kazini wa Marekani wanaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda huo unakatwa nusu. Mbele ya bafle za harusi unauvuka kabla ya keki. Masikio yaliyochoka hayasikii sauti za juu, utaziongeza, na asubuhi utashangaa nani aliweka misumari kwenye miksi yako. Mimi niliwahi kumkabidhi bwana harusi miksi niliyoimaliza saa 9 ya usiku, nikaja kuisikia kwake siku ya pili, nikaomba aifute mbele yangu.

Toa kwanza WAV ya biti 24, faili isiyobanwa, ni kama gigabaiti 1.1 kwa dakika 70, uihifadhi. Kutoka hiyo toa MP3: ya kilobiti 320 kwa sekunde itakuwa megabaiti 168, ya 192 karibu 100, na najua megabaiti zinavyouzwa. Kwa ile ya 192 shusha dari ya limita hadi -2, maana kubana faili kunarusha vilele juu kidogo na redio za magari zinavipasua. Usitengeneze kamwe MP3 kutoka MP3.

Sasa ile dakika moja na nusu. Kiungo cha dakika ya 41, ndombolo inapoingia kwenye wimbo wa Zambia, kimepasuka. Kinakwaruza. Kipimo kwenye kompyuta kinasoma -4, kwa hiyo ulidhani kiko salama, lakini kuza wimbi uone: vilele vimenyooka kama meza. Besi zote mbili zilikuwa wazi, miksa ikaingia nyekundu, na sauti ilikatwa ndani ya miksa kabla haijafika kwenye waya. Kompyuta imerekodi kwa uaminifu kitu kilichokwisha vunjika. Kukishusha hakusaidii, meza iliyoshushwa ni meza. Programu za kurekebisha mpasuko zinakisia tu, na kwa ngoma zinakisia vibaya.

Hicho kipige upya. Anza ndombolo dakika nzima kabla ya kiungo, gaini za chaneli zote mbili ziwe mahali ambapo taa nyekundu haiwaki hata kwa kupepesa, besi ya ndombolo ifungwe kabla ya ile ya Zambia kufunguka, na kompyuta irekodi kwa biti 24 vilele vikifika -6. Kisha kata rekodi ya zamani kwenye pigo la kwanza la mzunguko, sekunde 30 kabla ya kiungo, uunganishe mpya hapohapo kwenye pigo lilelile. Ufanye vivyo hivyo upande wa kutokea. Usiunganishe katikati ya neno la mwimbaji. Linganisha sauti za pande mbili kwa enveloo kama ulivyofanya kwingine. Ukimaliza niletee fleshi tena, tupande wote teksi-basi ya huyo dereva kutoka Kenya hadi mjini, tukae kiti cha nyuma, na kitufe cha sauti tumuachie yeye.